Kigoda cha Kumi na Mbili

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, mke wa fundi alimimina chai kwenye vikombe viwili, akafunika chake kwa kisahani, akaenda kutafuta kiatu. Ilikuwa Ijumaa. Fundi alikuwa ameshaanza kazi barazani, anaranda ubao wa mlango wa jirani. Tangu ujana wake chai haikumshuka kabla hajasikia randa ikilia. Mke alishazoea. Katika miaka thelathini na tisa ya ndoa, wageni wakimcheka fundi kwa tabia hiyo, yeye alikuwa na jibu moja: "Mimi nimeolewa na randa. Huyu mwanamume alikuja kama nyongeza."

Kiatu kikapatikana uvunguni mwa kitanda. Alikunywa chai amesimama mlangoni, mkoba begani, akimtazama mumewe. Kisha akatia mkono mkobani, akatoa kamba nyembamba yenye fundo, akaiweka juu ya ubao.

"Kigoda," alisema. "Kimo hadi kwenye fundo."

Fundi aliitia mfukoni mwa aproni, pamoja na penseli. Halikuwa jambo geni. Alishamtengenezea vigoda kumi na kimoja kwa miaka ishirini na miwili, na vyote vilikuja kwa njia hiyo hiyo: kamba, fundo, neno moja. Vilikwenda ofisini kwake na havikurudi.

"Huniulizi cha nani?"

"Kigoda ni kigoda."

Mke alicheka kile kicheko chake cha puani. Alipokwisha kuvuka kizingiti aligeuka, akasema neno moja zaidi. Fundi akaitikia "mm", randa ikaendelea.

Jioni mke alirudi kifua kinambana. Jumapili walimpeleka hospitali. Jumatatu asubuhi hakuwepo tena.

Lile neno la kizingitini fundi alikaa nalo wiki tatu. Alilikumbuka lote, herufi kwa herufi, lakini alilibeba kama mtu aliyepewa mzigo wa mtu mwingine apeleke, asiufungue.

*

Alichokijua kuhusu kazi ya mkewe kingeenea kwenye kisahani kile cha chai. Ilikuwa ofisi ya shirika la msaada wa kisheria. Walikwenda pale watu waliofukuzwa kazi bila barua, wajane waliotolewa ndani ya nyumba zao, wazazi ambao mtoto wao kashikwa na hawajaambiwa kosa. Asiye na uwezo wa kumweka wakili, pale alipata wakili bila kutoa kitu. Hayo mtaa mzima uliyajua. Mkewe aliingia pale kama mfagizi, akiwa na umri wa miaka arobaini, madarasa manne ya shule na ufagio wa kukopa. Baadaye wakamweka mapokezi.

Basi. Zaidi ya hapo hakuleta neno nyumbani. Jirani mmoja aliwahi kumchimba, amwambie yule mama mwenye duka alifuata nini kule ofisini. Mkewe alimjibu kwa habari za vitunguu, jinsi vinavyooza mwaka huu, vinavyooza vikiwa bado gunia zima, mpaka jirani akaaga mwenyewe. Fundi alikuwa anasikiliza barazani. Akaona: kama jirani kapewa vitunguu, mimi nitapewa viazi. Akanyamaza. Kwake kunyamaza ilikuwa ndiyo heshima, na mke naye hakulalamika.

Binti yao ni muuguzi mji mwingine. Alikaa na baba yake wiki mbili baada ya mazishi, akaosha mapazia ambayo hayakuwa machafu, akapanga vitu vya mama. Ndani ya mkoba alikuta ufunguo na kitambulisho cha kazi.

"Baba, hivi ni vya ofisi. Nitavipitisha nikienda stendi."

"Nitapeleka mwenyewe."

Binti alimtazama. Kwa miaka yote ile baba yake hakuwahi kuvuka geti la ofisi ile. Mvua ikinyesha alikwenda na mwavuli, akasimama nje, mpaka mama atoke.

"Unakwenda kufanya nini baba, hasa?"

"Kuna kazi yake haijaisha."

Maana kamba ilikuwa bado imo mfukoni mwa aproni. Mbao alikuwa nazo, misumari alikuwa nayo, siku alikuwa nazo nyingi kuliko alivyozitaka. Lakini kila alipotaka kuanza, swali lilimchoma kama kibanzi chini ya ukucha: cha nani? Vigoda kumi na kimoja hakuuliza. Hiki cha kumi na mbili kilimkataa kabisa mkononi, mpaka ajue.

*

Ofisi ilikuwa nyumba ya watu iliyogeuzwa ofisi. Ukiingia, sebule ndiyo mapokezi: meza ndogo yenye simu na daftari la wageni, benchi refu ukutani, mashine ya kutoa nakala inayoguna pembeni. Benchini walikaa watu watatu. Mbele ya kila mmoja alikaa mfanyakazi mwenye karatasi magotini, na kila mfanyakazi alikalia kigoda.

Fundi alivijua vigoda vyake hata kabla ya kuvuka mlango. Cha mninga, cha msonobari, kile cha vipande vya kitanda cha zamani. Kisha macho yakashuka miguuni mwa vigoda, naye akasimama kama mtu aliyemkuta mwanawe amenyolewa na mlevi.

Miguu ilikuwa imekatwa. Yote. Na si kwa mkono wa fundi: msumeno umeyumba, pengine umekwenda upande, ncha hazikupigwa msasa. Kijana mmoja alikikalia chake huku amekiwekea kipande cha boksi chini ya mguu kisichezecheze.

Mkurugenzi mwenyewe alitoka kumpokea. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani shingoni, aliyekuja mazishini na kulia kuliko ndugu wengine. Alimwita baba, akampeleka chumbani kwake, akamvutia kiti. Fundi aliweka ufunguo na kitambulisho juu ya meza. Alikuwa amejiandalia maneno ya shukrani njia nzima. Yakampotea yote.

"Nani amekata miguu ya vigoda vyangu?"

Mkurugenzi alimkodolea macho, halafu akacheka, halafu akavua miwani akaifuta ingawa ilikuwa safi. Akainama nyuma ya meza, akavuta kigoda cha mti mweusi kilichong'aa kwa kukaliwa.

"Hiki nilikata mwenyewe, baba. Mimi ni wa kigoda cha pili. Nilikuja hapa kama mwanagenzi, cheti mkononi, pua juu."

Akamweleza, na fundi alisikiliza kama hajawahi kusikiliza kitu.

Zamani zile mawakili walikaa nyuma ya meza zao, na watu walikaa mbele ya meza, na maneno yaliyotoka yalikuwa nusu. Mtu alisema "nilifukuzwa", asiseme siku gani wala mbele ya nani. Halafu mtu yule yule akitoka, anamkuta mfagizi amekaa mapokezi kwenye kigoda chake cha nyumbani, anapumzisha mgongo, na hapo anasema yote, mpaka rangi ya shati la aliyemfukuza. Mfagizi alikuwa anagonga mlango wa wakili na ufagio mkononi: "Samahani, yule mama amesahau kukuambia kuna shahidi." Mara ya kwanza walimfukuza. Mara ya tano wakamwondolea ufagio.

Tangu hapo akawa Mama Benchi. Hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Kila mwaka barua za vijana wanaoomba kujifunza kazi zilijaa sanduku zima. Wachache walichukuliwa kwa miezi mitatu. Walikuja wakitarajia mahakama. Wiki ya kwanza Mama Benchi aliwanyima kalamu. Wakae, wasikilize, kisha wamrudishie mtu maneno yake, na mtu akishasema "ndivyo hasa" ndipo kalamu itoke. Wapo waliolia chooni. Wapo walioaga siku ya tatu. Miezi mitatu ikiisha, mkurugenzi aliwauliza mawakili juu ya akili ya kijana, na Mama Benchi juu ya mengine yote. Akimkubali, hakusema kitu. Alichukua kamba, akampima kuanzia sakafuni hadi kwenye kunjo la goti, akapiga fundo.

"Kigoda hufika kabla ya barua ya ajira," mkurugenzi alisema. "Alisema kigoda kikizidi goti lako, miguu itakuwasha, na anayewashwa miguu hasikilizi. Kikishafika, alikuwa anatupa msumeno na kutuambia tukate upana wa kidole."

Fundi aliangalia mikono yake. Mwalimu wake wa useremala, Mungu amrehemu, alimfundisha jambo moja kabla ya yote: ubao hukatwa, hauungwi. Ukipewa kipimo, acha kidole. Mwenye mali akiona kimezidi atarudi upunguze. Kwa miaka ishirini na miwili aliacha kidole, akangoja mkewe arudi kusema kimezidi. Hakurudi. Fundi akadhani vimewatosha.

"Kwa nini hakuniambia nipunguze?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema," na hapo mkurugenzi aliiga sauti ya marehemu, sawasawa, mpaka fundi akashika ukingo wa meza, "akasema, mume wangu ni fundi kuliko wote, na kila mara anaongeza kidole. Hata kipimo chake nakipima tena. Na wewe mtu akikuletea neno, awe wakili, awe hakimu, awe mimi, lipime tena."

Fundi hakujua kama ametukanwa au amesifiwa. Aliligeuza hilo neno huku na huku, akaona limerandwa pande zote mbili.

*

Kisha mkurugenzi akafunga mlango. Palikuwa na jambo, alisema, na alikuwa anaona haya kumuuliza mtu aliye msibani.

Wanagenzi wawili wamemaliza miezi mitatu. Nafasi ni moja. Mawakili wamegawanyika sawa kwa sawa. Mama Benchi alimwambia siku ile ya Ijumaa, "Jumatatu nitakuwa na neno." Jumatatu ikamkuta hayupo. Bodi imevumilia wiki tatu, na leo saa kumi lazima jina liende. Likikosekana, watachukua mwenye alama za juu.

"Hakukuambia kitu, baba? Hata jina?"

Fundi alitoa kamba kwenye mfuko wa shati, alikoihamishia asubuhi ile, akaitandaza juu ya meza.

Mkurugenzi aliitazama kama mtu anayetazama barua. Akaenda mlangoni, akawaita wote wawili.

Wa kwanza alikuwa kijana mrefu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Marehemu alimpa jina la Mlingoti. Huyo ndiye mwenye alama za juu. Wa pili alikuwa msichana mwembamba aliyeingia akiwa bado ameshika faili. Yeye aliitwa Kwanini, na hapakuwa na haja ya kueleza kwa nini, kwa sababu swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini mlango umefungwa mchana. Kabla ya hapa aliuza vocha na kuchaji simu za watu kwenye kibanda cha shangazi yake. Kibanda bado kipo. Shangazi alishampigia mara mbili juma lile kumuuliza anarudi lini, maana kama harudi atamweka mtu mwingine.

Fundi alipiga goti kama anapima mguu wa meza. Alianza na Mlingoti. Fundo likaishia katikati ya muundi, mbali na goti.

Akamgeukia msichana. Na hapo alipoinama akaona viatu vyake. Vilikuwa raba nyeupe. Cha kulia kilifungwa kwa kamba nyeupe, bapa, yenye ncha ya plastiki. Cha kushoto kilifungwa kwa uzi wa katani.

Fundi aliitazama kamba mkononi mwake. Nyeupe. Bapa. Ncha ya plastiki. Vigoda vyote kumi na kimoja vilikuja kwa katani, hiki kimekuja kwa kamba ya kiatu, naye kwa wiki tatu hakuona.

Akapima. Fundo likafika chini ya goti kwa vidole vinne vizima. Hakikuwa kipimo chake.

"Kamba hii ni yako, mwanangu?"

"Yangu, baba. Mama Benchi alinipa uzi nifungie kiatu."

"Na fundo?"

"Nimelipiga mimi."

"Kipimo cha nani?"

Msichana alifungua mdomo. Akamtazama Mlingoti, akamtazama mkurugenzi, akaufunga.

"Siwezi kusema. Aliyepimwa hajanipa ruhusa."

Mkurugenzi alimkumbusha kwa upole kwamba jina linaondoka saa kumi. Msichana alisema anajua. Aliulizwa mwenye ruhusa yuko wapi. Alisema atakuja, lakini hajui ni leo au kesho, simu yake haipatikani. Machozi yalimjaa machoni, sauti haikutetereka. Aliomba arudi kwenye faili, kuna mtu anamsubiri.

Walipotoka, mkurugenzi alifunga mlango tena. "Neno la marehemu lingenitosha," alisema. "Lakini hapa hakuna neno, baba. Kuna kamba isiyomtosha yeyote. Siwezi kuandikia bodi kwamba moyo wangu umehisi."

*

Angeweza kuondoka. Ufunguo kaurudisha, kitambulisho kakirudisha. Ila kibanzi kilikuwa kimeingia ndani zaidi. Alisimama mapokezi, karibu na meza ya mkewe, akawa anatazama miguu ya watu kama kichaa.

Miguu ya mzee mmoja: mirefu. Ya kijana aliyekuja na mama yake: mirefu. Saa nane ikapita. Saa tisa kasoro robo akaingia mwanamke mfupi, mnene, mwenye kitambaa kichwani na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi. Aliandikwa daftarini, akaketi mwisho wa benchi. Miguu yake haikufika sakafuni. Ilining'inia. Baada ya muda mfupi akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akashika ukuta.

Fundi akamwendea, kamba mkononi, akamsimamia mbele.

"Mama, wewe ndiye uliyepimwa mguu?"

Mwanamke aliuvuta mfuko wake kifuani. "Wewe nani? Umetumwa na wale?"

"Nauliza tu."

"Basi mimi sijui kitu." Na akageuza uso ukutani.

Fundi alibaki wima na kamba yake. Ndipo lile neno la kizingitini likajifungua lenyewe, baada ya wiki tatu. Alienda nyuma ya meza ya mapokezi, akakuta kigoda cha kwanza kabisa, cha mkewe, kilichokatwa vibaya kuliko vyote, kwa kisu pengine. Akakivuta mpaka mbele ya benchi, akakaa.

Kilikuwa chini. Magoti yalimpanda. Ilibidi ainue uso ili amwone yule mwanamke, na mwanamke naye akageuka, akamwona mzee aliyekunjamana kama panzi, na kona ya mdomo ikamcheza.

"Mimi ni fundi," alisema. "Mume wa Mama Benchi. Aliniachia kamba hii nitengeneze kigoda, akafariki kabla sijamuuliza ni cha nani. Kama hutaki kusema, usiseme."

Mwanamke alimpa pole, kwa muda mrefu, kwa maneno mazuri. Kisha akasema ni chake.

Alikuwa mpishi wa bweni la shule kwa miaka kumi na saba, alisema. Sufuria la maji ya moto lilimmwagikia miguuni, akafukuzwa akiwa bado ana bendeji, na sasa wale wa shule wanasema hawakuwahi kumwona. Hakutaka kingine, alitaka karatasi ya kusema alikuwepo. Kila alipokuja hapa alishindwa kumaliza maneno. Benchi lilimkata nyuma ya mapaja, miguu ikajaa, ikamuuma, akawa anasimama na kuaga. Watu walidhani ana haraka. Yule binti mwembamba peke yake ndiye aliyemuuliza kwa nini anasimama-simama. Hakutaka kumwonyesha yeyote makovu, alimwonyesha yeye, akamwapisha asiseme. Binti akavua kamba ya kiatu chake pale pale, akapiga magoti, akampima. Akaenda kumwambia Mama Benchi: nyie mna vigoda, kwa nini wao hawana?

"Mama alijibu nini?"

"Hakujibu. Alicheka kwa pua mpaka machozi. Akaitia kamba mkobani."

Fundi alimweleza habari ya saa kumi. Kwamba yule binti anaulizwa, na amekataa kusema, na kibanda cha shangazi kinamngoja.

Mpishi alishuka benchini. "Miguu ni yangu, siri ni yangu," alisema. "Mlango wa mkubwa wenu uko wapi?"

Mle ndani alikaa muda wa chungu kuchemka. Fundi hakumfuata. Alimwona Mlingoti akiitwa, kisha Kwanini akiitwa. Baadaye mkurugenzi alimsimulia kwamba kijana ndiye aliyesema neno la kumaliza mambo. Alisema, "Mimi nimemwona huyu mama akisimama kwa miezi mitatu. Niliandika kwenye fomu kwamba hana subira." Akaomba fomu ile, akaikata mstari kwa mkono wake. Mwenye kosa akilipima mwenyewe, mkurugenzi alisema, huyo naye hapotei bure. Alimwandikia barua kwa shirika jingine, na baada ya miezi miwili walimchukua.

Jina lililoondoka saa kumi lilikuwa la Kwanini.

Alitoka nje akiwa anafuta uso kwa kiganja. Alimkuta fundi amepiga goti mbele yake na katani mkononi, anamngoja asimame sawa. Alisimama. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuuliza kitu.

*

Vigoda vilimchukua siku nne, vyote viwili. Cha mpishi alikipima hadi kwenye fundo, asiongeze hata unywele, na ncha za miguu akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama ndani ya kikombe. Hakikuwa kimewahi kutoka mikononi mwake kitu kisichoachiwa kidole.

Cha Kwanini alikiongezea kidole. Lazima na yeye awe na cha kukata.

Mpishi alikaa juu ya kigoda chake, nyayo zote mbili chini, akasimulia kuanzia mwaka wa kwanza mpaka sufuria, bila kusimama. Karatasi yake bado haijatoka. Kesi hazina mwendo wa haraka. Ila safari hii maneno yamekamilika, wanasema, na kuna shahidi ambaye hakuwa ametajwa.

Siku hizi fundi hupita ofisini kila Ijumaa, kukaza misumari. Huwauliza wafanyakazi habari za mkewe, moja kila safari, asizimalize zote. Ameshajua kwamba alikuwa na wimbo wa kufungia ofisi. Ameshajua kwamba aliwahi kumtoa hakimu mmoja benchini kwa sababu alikaa bila kuandikwa daftarini.

Nyumbani huweka vikombe viwili. Cha pili hukifunika kwa kisahani. Alichukua masalia ya mninga, akajitengenezea kigoda chake, kifupi, akakiweka mlangoni, upande wa ndani wa kizingiti. Asubuhi, kabla ya kushika randa, hukaa hapo akatazama pale mkewe aliposimama na mkoba begani Ijumaa ile, akageuka, akasema:

"Siku ukitaka kuniuliza, mzee wangu, kaa kwanza. Swali la aliyesimama ni amri."